Kulandanisha inveta na gridi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa DC kuwa wa AC) ya fezi tatu ya kVA 10 hubeba ampea 14.5 kwa kila fezi, yaani kilele cha ampea 20.5. Koili za kichujio chake zikiwa na jumla ya mH 3, ukinzani wake kwenye Hz 50 ni ohm 0.94 tu. Sasa ifunge kwenye gridi ya volti 230/400 huku pembe yake, yaani mahali wimbi lake lilipofika kwenye mzunguko, imepishana na ya gridi kwa nyuzi 10. Tofauti ya volteji kati ya pande mbili ni 2 × 325 × sin 5°, karibu volti 57, na volti 57 juu ya ohm 0.94 zinasukuma kilele cha ampea 60. Hiyo ni mara tatu ya uwezo wa inveta, kwa kosa ambalo jicho halilioni ukiwa umeweka mizunguko kumi kwenye skrini ya osiloskopu. Nyuzi 30 zinafika ampea 178. Nyuzi 180, kosa la kugeuza waya mbili za sensa, zinakaribia ampea 690, na hapo IGBT (swichi za nguvu za inveta) hupasuka kabla fyuzi haijahisi chochote.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni vipimo. Algoriti ya kufuata fezi inajulikana na huandikwa kwa mistari michache. Kinachounguza mitambo ni pembe iliyopimwa vibaya kisha ikaaminiwa.

Mifano yote hapa ni ya inveta hiyohiyo: kVA 10, volti 230/400, Hz 50, PWM (kuwasha na kuzima IGBT kwa haraka ili kuunda wimbi) ya kHz 10. Kwenye gridi ya Hz 60, pale palipoandikwa radiani 314.16 kwa sekunde weka 376.99, na uhesabu upya nyuzi zote zinazotokana na ucheleweshaji.

Kabla ya kugusa kitu

Kapasita za upande wa DC zenye µF 1000 kwenye volti 700 zimebeba jouli 245. Zima, subiri, kisha pima kwa mita hadi uone chini ya volti 50. Usitegemee rezista ya kumwagia chaji, maana inaweza kuwa imekatika bila wewe kujua. Mita iwe ya daraja la CAT III au zaidi. Osiloskopu itumie probu za difrensha, zinazopima tofauti kati ya nukta mbili bila kuunganishwa na ardhi. Klipu ya ardhi ya probu ya kawaida ikiguswa kwenye fezi ni shoti ya moja kwa moja kupitia osiloskopu, na kuiondolea osiloskopu waya wa ardhi ili "kutatua" jambo hilo kunahamishia volteji ya gridi kwenye kasha unalolishika.

Andaa pia transfoma ya kutenganisha, variaki (transfoma ya volteji inayorekebishika) ya fezi tatu, rezista tatu za ohm 10 zinazohimili wati 100 au zaidi, na kitufe cha dharura kinachokata kontakta (swichi inayounganisha inveta na gridi) na PWM kwa pamoja bila kupitia programu.

Hatua ya 1: Hakikisha volteji ya DC inatosha

Kilele cha volteji kati ya fezi na fezi ni 400 × √2, yaani volti 566. Upande wa DC ukiwa chini ya hapo, diodi zilizo sambamba na IGBT zinageuka rektifaya na mkondo unaingia bila kudhibitiwa na yeyote, hata PWM ikiwa imezimwa. Gridi ikipanda kwa asilimia 10, kiwango hicho kinafika volti 622, na hapo bado hujahesabu volteji inayodondoka kwenye koili. Kwa PWM ya vekta, volti 680 hadi 700 ni mahali salama. Kwa PWM ya sini ya kawaida unahitaji volti 650 kwa gridi iliyo sawasawa na 716 kwa iliyopanda, kwa hiyo lenga 750, mradi kapasita na IGBT zako zinahimili.

Chaji kapasita kupitia rezista. Ohm 100 na µF 1000 zinatoa sekunde 0.1 kwa kila RC (rezista mara kapasita), na baada ya sekunde 0.5 umevuka asilimia 99. Rezista hiyo hupokea jouli zilezile 245 kwa mara moja, basi chagua ya waya iliyotengenezwa kuhimili mshindo wa nishati. Ya filamu huungua kwa ndani huku nje ikionekana nzima.

Hatua ya 2: Safisha njia ya vipimo

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapopaharakia.

Anza na sifuri. Gridi ikiwa imekatwa, soma kila chaneli ya ADC (kigeuzi cha volteji kuwa namba) mara elfu moja, chukua wastani, kisha utoe wastani huo kwenye kila kipimo. Kosa dogo la sifuri kwenye sensa ya volteji hufanya masafa ya PLL (programu inayofuata pembe ya gridi, hatua ya 3) kutikisika kwa Hz 50, na kwenye sensa ya mkondo husababisha DC kusukumwa kwenye gridi. Kiwango cha IEEE 1547-2018, cha kuunganisha mitambo kwenye gridi, kinaruhusu DC isizidi asilimia 0.5 ya mkondo wa inveta. Kwa inveta yetu hiyo ni milliampea 73 hivi, kiasi ambacho sensa ya bei nafuu huikosea kwa sababu ya joto tu.

Kisha kimo. Linganisha kila fezi na mita unayoiamini, urekebishe hadi tofauti iwe chini ya asilimia 1.

Kisha ucheleweshaji, ambao ndio unaosahauliwa. Kwenye Hz 50 pembe inakimbia nyuzi 18,000 kwa sekunde. Kichujio cha RC chenye kikomo cha kHz 1 kabla ya ADC kinachelewesha nyuzi 2.9. Hesabu na PWM huchukua sampuli moja na nusu, yaani µs 150 kwa kHz 10, na hizo ni nyuzi 2.7. Jumla ni nyuzi 5.6. Kwa hesabu ya mwanzoni, hizo ni volti 32 na kilele cha ampea 34: inveta inaruka kwa mkondo kupita kiasi sekunde ileile unapoifunga, na mtu anashinda siku nzima akibadilisha vigezo vya kidhibiti ambavyo havina kosa.

Namna ya kuupima: mwambie maikrokontrola apandishe pini moja pale pembe ya PLL inaposema fezi A inavuka sifuri kwenda juu. Weka pini hiyo kwenye chaneli ya kwanza ya osiloskopu, na fezi A yenyewe, kupitia probu ya difrensha, kwenye chaneli ya pili. Kila µs 55.6 kati ya mapito hayo mawili ni uzi mmoja. Pini itaonekana ikicheza ndani ya µs 100 kwa kuwa inabadilika wakati wa sampuli tu. Chukua katikati ya ule uchezaji, toa µs 50 na muda wa hesabu, na kinachobaki ndicho kichujio chako. Kwa RC ya kHz 1 utegemee karibu µs 159.

Ukishaujua, ongeza pembe ya kichujio na ya PWM kwenye pembe inayotumika kurudisha agizo la volteji kwenye fezi tatu. Pembe inayotumika kusoma vipimo iache ilivyo, mradi sensa za volteji na za mkondo zina kichujio cha aina moja. Zikiwa na vichujio tofauti, vifanye vilingane kwanza kwenye bodi. Kufidia tofauti hiyo ndani ya programu huleta mkanganyiko usioisha.

Hatua ya 3: Jenga PLL

Kitanzi cha kufunga fezi, yaani PLL, kwa fezi tatu kinakwenda hivi: volteji tatu zinageuzwa kuwa mbili (alfa na beta), kisha zinazungushwa kwa pembe iliyokadiriwa kuwa vd (sehemu iliyo sambamba na pembe hiyo) na vq (sehemu iliyo nyuzi 90 nayo). Kidhibiti cha PI (P hufuata kosa la sasa, I hujumlisha kosa lililopita) kinasukuma vq hadi sifuri, pato lake linaongezwa kwenye 314.16, na jumla inajumlishwa kwa wakati kuwa pembe. Gawanya vq kwa kimo cha volteji kabla ya PI, ili gridi ikishuka kasi ya PLL isishuke nayo.

Vigezo havihitaji kubahatisha. Ukitaka itulie ndani ya ms 100 na udhoofishaji wa 0.707:

Kp = 2 × 4.6 ÷ 0.1 = 92
Ki = (46 ÷ 0.707)² = 4230 hivi

Kama hukugawanya kwa kimo, gawanya namba zote mbili kwa 325: Kp inakuwa 0.283 na Ki 13. Kuchanganya njia hizi mbili, kwa kutumia 92 bila kugawanya, kunafanya PLL kuwa kali mara 325 na masafa yanaruka huku na huko kama redio isiyoshika stesheni.

Weka mipaka ya masafa, tuseme 45 hadi 55, na uzuie sehemu ya I kuendelea kujumlisha inapogusa mpaka. Pembe irudishwe sifuri kila inapofika 2π; ukiiacha ikue kwenye namba ya desimali ya biti 32, usahihi unapungua kidogokidogo hadi mkondo unachafuka ndani ya nusu saa hivi, na hakuna atakayeliona kosa hilo kwenye majaribio ya dakika tano.

Kwa fezi moja huna beta, basi lazima uitengeneze. Kuchelewesha kipimo kwa ms 5 hufanya kazi masafa yakiwa Hz 50 kamili tu. SOGI (kichujio kinachozalisha nakala ya wimbi iliyochelewa nyuzi 90) ni bora: kigezo k chake huwekwa 1.41, na hulishwa masafa yanayotoka kwenye PLL yenyewe. Kupima pale volteji inapovuka sifuri kusitumike kwenye gridi yenye harmoniki (mawimbi ya masafa ya juu yanayochafua wimbi kuu). Wimbi lililoharibika huvuka sifuri mara mbili au tatu kwa pamoja.

Hatua ya 4: Jaribu PLL ikiwa PWM imezimwa

Unganisha sensa kwenye gridi, kontakta ikiwa wazi, kisha soma namba. vd itulie karibu na 325 na vq karibu na sifuri. Namba zikiwa nyingine, zenyewe zinakwambia kosa liko wapi.

vd ikisoma 398, umetumia mgeuzo unaohifadhi nguvu badala ya unaohifadhi kimo. Pembe ni sahihi, ila kila hesabu ya volteji inayofuata itakuwa na kosa la 1.22. vd ikiwa 563, unapima kati ya fezi na fezi ukidhani unapima fezi na nyutro, na pembe yako iko mbele kwa nyuzi 30. vd ikiwa hasi 325 huku vq ni sifuri, alama ya vq imegeuzwa: PLL imejifunga kwa utulivu kabisa kwenye nyuzi 180. Hili la mwisho ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu masafa yanasoma Hz 50 safi na kila kitu kinaonekana sawa.

Masafa yakigota kwenye mpaka wa chini na vq ikitikisika bila kutulia, mfuatano wa fezi umegeuka. Badilisha fezi mbili, lakini zibadilishe mahali pamoja kwa sensa na kwa waya za nguvu. Ukigeuza sensa tu, PLL itafurahi na inveta itaungua.

Mtikisiko mdogo wa masafa nao usomwe. Wa Hz 50 unatoka kwenye kosa la sifuri. Wa Hz 100 unatoka kwenye fezi zisizolingana. Kama gridi ndivyo ilivyo, weka kichujio cha kukata Hz 100 au tumia SOGI mbili ili kutenga mfuatano chanya, yaani sehemu ya volteji iliyo sawa kwenye fezi zote tatu. Wa Hz 300 ni harmoniki ya 5 na ya 7; punguza kasi ya PLL.

Mwisho, ongeza nyuzi 30 ghafla kwenye pembe ndani ya programu, uangalie kama inarudi ndani ya ms 100.

Hatua ya 5: Kichujio

Kwa ufupi tu, maana kichujio huwa kimeshachaguliwa. Kichujio cha LCL (koili, kapasita, koili) chenye mH 2.5 upande wa inveta, mH 0.5 upande wa gridi na µF 5 kina resonansi (masafa kinayotikisika nayo chenyewe) kwenye Hz 3490 hivi. Iwe juu ya mara kumi ya masafa ya gridi na chini ya nusu ya masafa ya PWM, na hii iko ndani. Rezista ya ohm 3 mfululizo na kila kapasita inatosha kuituliza. Kumbuka kwamba gridi dhaifu yenye mH 1 yake yenyewe inaishusha resonansi hiyo hadi Hz 2325. Kidhibiti kikijaribiwa kwenye gridi imara tu, kinaweza kupiga kelele kwenye laini ndefu.

Hatua ya 6: Funga kwa volteji ndogo kwanza

Shusha variaki hadi volti 40 kwa fezi (kilele volti 57), upande wa DC uwe volti 150, na weka zile rezista za ohm 10 mfululizo na kila fezi. Katika hali hii hata kosa la nyuzi 180 linatoa ampea 11 tu: linaonekana, na haliui kitu.

Chanzo chako cha DC cha maabara hakipokei nguvu. Pembe ya inveta ikiwa nyuma ya gridi, nguvu inaingia na volteji ya DC inapanda bila kizuizi, basi weka diodi mfululizo na chanzo, na rezista ya kumwagia nguvu sambamba na kapasita. Volteji ya DC ikipanda wakati agizo la mkondo ni sifuri, hiyo ni dalili ya wazi ya kosa la pembe. Kwenye volteji kamili, nyuzi 5 nyuma zinaweza kuingiza kW 14.7 kwenye inveta yetu ya kVA 10.

Thibitisha pia mwelekeo wa sensa za mkondo. Sensa iliyovaliwa kinyume hugeuza kidhibiti kuwa kichochezi, na mkondo hupanda hadi kikomo ndani ya sampuli chache.

Hatua ya 7: Pima juu ya kontakta iliyo wazi

Kipimo hiki ni chetu cha mwisho kabla ya kufunga, na hatukiruki kamwe. Inveta itengeneze volteji yake bila mkondo, kimo na pembe vikifuata PLL, kontakta ikiwa wazi. Weka mita kati ya ingizo na pato la kila nguzo ya kontakta. Kwenye volteji kamili:

- Nguzo zote tatu karibu na sifuri, chini ya volti 10: tayari.
- 0, 400, 400: fezi mbili zimebadilishana.
- 400, 400, 400: fezi zote zimesogea nafasi moja, nyuzi 120.
- 460, 460, 460: umegeuka nyuzi 180.
- Zote tatu karibu 20: pembe imekosewa kwa nyuzi 5, rudi hatua ya 2.

Kipimo hiki kinahitaji nyota ya kapasita za kichujio iwe imeunganishwa na nyutro. Kwenye mfumo wa waya tatu usio na nyutro pande mbili zinaelea, na mita itakupa namba isiyo na maana. Hapo linganisha volteji za fezi kwa fezi kwa probu mbili za difrensha.

Hatua ya 8: Kufunga

IEEE 1547-2018 inaruhusu, kwa mitambo isiyozidi kVA 500, tofauti ya Hz 0.3, volteji asilimia 10 na pembe nyuzi 20. Kwa mitambo mikubwa kuliko kVA 1500 inabana hadi Hz 0.1, asilimia 3 na nyuzi 10. Mipaka hiyo inalinda gridi. Inveta yako ni dhaifu kuliko gridi, kwa hiyo sisi tunaweka Hz 0.05, asilimia 3 na nyuzi 3, na vyote vidumu sekunde 1 mfululizo kabla ya amri ya kufunga.

Koili ya kontakta huchukua ms 20 hadi 40 kufunga. PLL ikifuata vizuri muda huo haudhuru. Lakini chanzo chochote kinachoteleza kwa Hz 0.3 husogea nyuzi 108 kwa sekunde, na ndani ya ms 40 kimeshapotea nyuzi 4.3, toa amri mapema kwa kiasi hicho.

Inveta inayofuata gridi inaweza pia kufungwa PWM ikiwa imezimwa, kisha PWM ikawashwa. Hapo mambo mawili ni ya lazima. Volteji ya gridi iliyopimwa iongezwe moja kwa moja kwenye pato la kidhibiti tangu sampuli ya kwanza, la sivyo inveta inaanza na volti sifuri mbele ya volti 325. Pia sehemu ya I ya kidhibiti isafishwe iwe sifuri wakati wa kuwasha, si kabla. Utaona mshtuko wa kapasita za kichujio zikichaji, hadi ampea 32 kwa chini ya nusu ya ms. Ulinzi wa mkondo usiwe mkali hadi uruke kwa ajili ya huo.

Anza na agizo la mkondo sifuri kwa sekunde chache. Panda hadi asilimia 10, soma mkondo, angalia umbo lake, kisha panda polepole. Harmoniki zote kwa jumla zisizidi asilimia 5 ya mkondo kamili.

Ikishafungwa, ikakataa

Inaruka papo hapo: ucheleweshaji haujafidiwa, au volteji ya gridi haikuongezwa kwenye pato. Inafanya kazi hadi nusu ya nguvu kisha inayumba: gridi ni dhaifu, na mkondo wako wenyewe unasogeza pembe unayoipima. Shusha kasi ya PLL, kwa mfano kutoka ms 100 hadi ms 300, kabla ya kugusa kidhibiti cha mkondo. Inaruka kila mota kubwa ya jirani inapowashwa: volteji inashuka na pembe inaruka kwa pamoja, isimamishe I ya PLL wakati volteji iko chini ya nusu, iachie ikirudi.

Gridi ikikatika, inveta iache kuilisha ndani ya sekunde 2, na PLL peke yake haitajua, kwa sababu mzigo uliolingana na inveta huifanya ijifuate yenyewe kwa Hz 50 tulivu. Sukuma masafa kidogo makusudi kila wakati: gridi iliyo hai huyashikilia, iliyokufa huyaacha yaende hadi mpaka. Umeme ukirudi, usifunge mara moja. IEEE 1547-2018 inaweka kusubiri kwa sekunde 300 kama msimamizi wa gridi hakuelekeza vingine, na kila safari ya kurudi ianze upya na ukaguzi wa hatua ya 8, pembe ikiwa ya kwanza.